Kila Kanzidata na Mwenyewe: Namna ya Kugawa Kanzidata Nyingi katika Vikoa vya Usimamizi

Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2003, yapata saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, programu haribifu yenye ukubwa wa baiti 376 tu ilianza kujisambaza kwenye intaneti. Iliitwa SQL Slammer. Mwanzoni idadi ya kompyuta zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5. Dakika kumi hazijaisha, ilikuwa imekwishazifikia zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zote zilizokuwa na udhaifu ule. Kompyuta zisizopungua 75,000 ziliathirika, na huko Marekani wateja wa Bank of America walishindwa kutoa fedha kwenye nyingi kati ya mashine zake zipatazo 13,000.

Ufa ulioingiliwa ulikuwa kwenye SQL Server, injini ya kanzidata ya kampuni ya Microsoft. Kiraka cha kuuziba kilikuwa kimetolewa Julai 2002, miezi sita kabla. Kwa nini basi hakikuwekwa? Wapo waliozembea, na wapo waliokiona kiraka chenyewe kuwa kigumu kukiweka. Lakini wengi walikuwa na sababu nyingine: hawakujua kuwa wana kanzidata hiyo. Toleo dogo la injini ile lilikuwa limefungashwa ndani ya programu nyingine za ofisini, likawa linafanya kazi kimya kwenye kompyuta ambazo hakuna aliyewahi kuziita seva. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo taasisi ya wastani, iwe benki, chuo kikuu, hospitali ya rufaa au mamlaka ya maji, inaweza kuwa na kanzidata makumi au mamia. Ndiyo maana programu za kuzisimamia zote kutoka sehemu moja zimekuwa za lazima, na karibu kila moja humpa msimamizi uwezo wa kuzigawa katika makundi. Wengine huyaita makundi, wengine mafolda. Mimi nitayaita vikoa, kwa sababu neno hilo linabeba maana ya eneo lenye mamlaka yake. Swali la uchambuzi huu ni moja: mipaka ya vikoa hivyo ichorwe kwa kufuata nini? Msimamo wangu ni kwamba kikoa ni mpaka wa wajibu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kikichorwa kwa kufuata mahali seva ilipo, aina ya injini au uzuri wa mpangilio kwenye skrini, kitamwacha msimamizi siku atakapokihitaji.

Somo la majina ya intaneti

Wazo la kugawa mamlaka badala ya kuyarundika mahali pamoja si geni katika kompyuta. Mtandao wa ARPANET, uliozaa intaneti, ulikuwa na faili moja ya majina ya kompyuta zake zote, iliyotunzwa katika taasisi ya SRI huko California. Kila aliyeongeza kompyuta alipaswa kuwaarifu watunzaji wa faili hiyo, na kila mtandao ulipaswa kuinakili upya. Kompyuta zilipoongezeka, utaratibu huo ukalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa tunaoutumia hadi leo. Siri yake ni kukabidhi madaraka: anayesimamia kikoa cha juu hana haja ya kujua kila jina lililo chini, mradi anajua nani amekabidhiwa tawi lipi. Ndiyo maana majina yanayoishia na .tz husimamiwa nchini Tanzania kwenyewe na yale ya .ke husimamiwa na KeNIC nchini Kenya, wala hakuna haja ya kuomba ruhusa Marekani kila duka la Arusha au Kisumu linapotaka jina.

Somo hilo linahusu kanzidata moja kwa moja. Mgawo wa vikoa una faida pale tu unapojibu swali la nani amekabidhiwa nini. Mti wa mafolda usiojibu swali hilo ni orodha ndefu iliyokunjwa ili ionekane fupi.

Kwanza, kanzidata ni nini?

Kabla ya kugawa, lazima tukubaliane tunagawa kitu gani, na hapa injini zenyewe hazielewani. Katika SQL Server, injini moja inayofanya kazi kwenye mashine inaweza kubeba kanzidata hadi 32,767. Katika PostgreSQL, seva moja hubeba kanzidata kadhaa, na akaunti za watumiaji ni za seva nzima, si za kanzidata moja moja. Oracle kwa miaka mingi ilikuwa na kanzidata moja kwa kila injini, hadi toleo la 12c la mwaka 2013 lilipoleta kanzidata za kuchomeka, yaani kanzidata nyingi ndani ya chombo kimoja. Katika MySQL, neno lililo na maana ya kanzidata ni lile lile ambalo kwingine humaanisha tu mpangilio wa majedwali.

Huu si ubishi wa maneno. Chukua seva moja ya PostgreSQL inayobeba kanzidata ya mishahara na kanzidata ya maktaba. Anayehitaji kuizima na kuiwasha upya kwa ajili ya maktaba atakuwa ameizima na mishahara. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayotawaliwa kwa ngazi mbili tofauti. Uhai wa huduma, yaani kuwaka, kuzimika, kumbukumbu na diski, ni suala la seva. Siri na usahihi wa taarifa ni suala la kanzidata moja moja. Kikoa kizuri hukubali ukweli huo, na pale ambapo idara mbili zenye wajibu tofauti zimekaa kwenye seva moja, suluhisho la kudumu ni kuzitenganisha seva. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Vivyo hivyo kwa kanzidata zenye pacha. Kanzidata kuu ikiwa Dar es Salaam na nakala yake inayojisasisha ikiwa Dodoma, hizo ni nyumba moja yenye milango miwili. Ukiziweka katika vikoa viwili kwa sababu ya miji, timu moja itaona nakala imekwama na nyingine itaona kanzidata kuu ni nzima, na hakuna atakayeiona hatari yenyewe.

Njia tano za kuchora mpaka

Kwa mazoea, mipaka huchorwa kwa njia tano: mahali, aina ya injini, mazingira ya matumizi, idara, na unyeti wa taarifa.

Mahali ndiyo njia inayovutia zaidi kwa sababu inaonekana kwa macho: hizi za Mwanza, zile za Mombasa. Udhaifu wake ni kwamba mahali pa seva hapasemi lolote kuhusu mwenye taarifa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti 47 jukumu la huduma za afya za kaunti. Taarifa za wagonjwa wa zahanati ya kaunti zinaweza kuhifadhiwa kwenye seva iliyoko Nairobi, lakini wajibu juu ya huduma ile hauhamii Nairobi kwa sababu waya umefika huko. Zaidi ya hayo, zama hizi za kukodi kompyuta za wingu, seva huhamishwa kutoka mji hadi mji bila mtumiaji kuhisi.

Aina ya injini, yaani Oracle huku na MySQL kule, inamfaa mtaalamu, maana humsaidia kupanga viraka na matoleo. Lakini huduma moja mara nyingi hutumia injini mbili au tatu. Mfumo wa malipo ukikwama, anayeulizwa ni mwenye mfumo wa malipo, si fundi wa Oracle peke yake.

Idara ni njia inayokaribia ukweli, ila ina kasoro ya kuyumba. Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba mfumo unaoundwa na taasisi hufanana na jinsi watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Ni kweli, na ndiyo maana mfumo huyumba pia taasisi inapopangwa upya. Wizara huunganishwa, hugawanywa na kubadilishwa majina, kurugenzi hufutwa. Kikoa kilichobeba jina la kurugenzi iliyofutwa hubaki kama nyumba ya marehemu isiyorithiwa. Dawa yake ni kugawa kwa huduma: usajili wa wanafunzi, ankara za maji, mishahara, kumbukumbu za wagonjwa. Huduma huishi muda mrefu kuliko jina la idara inayoitoa, na kila huduma inaweza kupewa mtu wa kuijibia.

Mazingira ya matumizi hutenganisha kanzidata zinazohudumia watu kweli na zile za majaribio. Mpaka huu una uzito wa pekee, kwa sababu kosa dogo kwenye upande wa majaribio ni janga upande wa pili. Unyeti nao hutenganisha taarifa za siri na zile za wazi, na huamua nani aruhusiwe hata kutazama.

Makosa matatu, funzo moja

Slammer ilionyesha hasara ya kutojua ulichonacho. Matukio mengine mawili yanaonyesha hasara ya kutojua nani anakijibia.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi programu za waandishi wa programu duniani, alikuwa usiku akihangaika na nakala ya kanzidata iliyokataa kujisasisha. Aliamua kufuta faili za nakala hiyo ili aanze upya, lakini amri yake aliitoa kwenye seva ya kanzidata kuu. Alipogundua sekunde moja au mbili baadaye, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Nakala rudufu zilizotarajiwa kuwapo hazikuwapo, kwa kuwa programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichookoa jahazi ni nakala ya saa sita nyuma iliyochukuliwa kwa ajili ya seva ya majaribio. Kampuni ilitoa maelezo yake hadharani, na ndani yake mna jibu lililonigusa kuliko yote: utaratibu wa nakala rudufu haukuwa ukijaribiwa mara kwa mara kwa sababu haukuwa na mwenyewe. Ujuzi walikuwa nao na vifaa walikuwa navyo. Mtu wa kuujibia ndiye aliyekosekana.

Mwaka huohuo kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza historia za mikopo, iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 147. Wavamizi waliingia kupitia mfumo mmoja wa malalamiko ya wateja uliokuwa haujawekewa kiraka. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ilieleza kwamba agizo la kuweka kiraka lilisambazwa kwa barua pepe, lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati, hivyo waliohusika na kazi hiyo hawakulipata. Walipokwisha kuingia, wavamizi walikuta majina ya akaunti na nywila zilizoachwa wazi, wakazitumia kuzifikia kanzidata nyingine 48 zisizohusiana na mfumo ule. Mlango mmoja ulifunguka, na ndani hakukuwa na kuta.

Ukiyaweka matukio hayo pamoja, unaona kazi tatu za kikoa. Kwanza, kikoa ni daftari: kila kanzidata iwe imeandikwa mahali. Pili, kikoa ni jina la mtu wa zamu: tahadhari ikilia, ifike kwa anayehusika leo, si aliyehusika miaka mitatu iliyopita. Tatu, kikoa ni ukuta: aliyeingia kwenye malalamiko ya wateja asijikute kwenye historia za mikopo. Programu ya usimamizi inayofanya kazi ya kwanza peke yake imefanya theluthi moja ya kazi.

Programu zenyewe zimechagua nini

Tukizitazama programu zinazotumika, tunaona falsafa tatu.

Ya kwanza ni folda. pgAdmin, inayotumiwa na wasimamizi wa PostgreSQL, hukuruhusu kupanga seva katika makundi unayoyataka. Programu ya usimamizi ya SQL Server hufanya hivyo pia, na tangu toleo la mwaka 2008 inaruhusu orodha ya makundi itunzwe kwenye seva moja kuu ili timu nzima ione orodha moja, na amri moja ipelekwe kwa kundi zima kwa mkupuo. Ni msaada mkubwa unapotaka kujua seva zipi bado ziko kwenye toleo la zamani. Lakini folda hizo hazibebi ruhusa za kanzidata. Kila seva hubaki na ruhusa zake. Na amri inayosomwa na seva 40 kwa pamoja inaweza pia kuharibu seva 40 kwa pamoja. Anayetumia folda za aina hii asidhani amejenga kuta.

Ya pili ni mti wa sifa. Oracle Enterprise Manager 12c, iliyotoka mwaka 2011, ilileta makundi ya utawala yanayojengwa kutokana na sifa za kila kanzidata: hatua yake ya maisha, kuanzia uundaji na majaribio hadi kazi halisi na kazi isiyoruhusu kusimama kabisa, pamoja na idara, mahali na kadhalika. Msimamizi haburuti kanzidata kwenye folda; anaandika sifa zake, na mfumo unaiweka inapostahili na kuipa moja kwa moja kanuni za ufuatiliaji za tawi hilo. Ruhusa nazo huteremka kutoka juu hadi chini. La muhimu zaidi, kanzidata haiwezi kuwa mwanachama wa matawi mawili ya mti huo. Wapo wanaolalamikia sharti hilo. Mimi naliona ndilo busara yake kubwa, maana kanuni mbili zinazopingana juu ya kanzidata moja ni sawa na manahodha wawili, na manahodha wengi chombo huenda mrama.

Ya tatu ni chombo kimoja na lebo nyingi, njia iliyozoeleka kwenye kompyuta za wingu. Katika Azure, kila rasilimali hukaa katika kundi moja tu la rasilimali. Katika AWS, kila akaunti hukaa katika tawi moja tu la taasisi, na matawi yanaweza kushuka hadi ngazi tano. Mambo mengine yote, kama mji, mradi au fungu la bajeti, huandikwa kwa lebo, na rasilimali moja inaweza kubeba lebo nyingi. Hapa ndipo naona ubishi wa miaka mingi umepata suluhu. Mamlaka yana mti mmoja wenye matawi yasiyoingiliana. Mitazamo ni mingi, nayo ina lebo. Anayetaka kuona kanzidata zote za Tanga atachuja kwa lebo ya Tanga bila kugusa mamlaka ya mtu.

Mti uanze na nini juu?

Linabaki swali gumu kuliko mengine: tawi la kwanza liwe mwenye huduma au mazingira ya matumizi? Hoja ya kuanza na mazingira ni kwamba kanuni, yaani marudio ya nakala rudufu, ukali wa tahadhari na saa za matengenezo, hutofautiana zaidi kati ya kazi halisi na majaribio kuliko kati ya huduma na huduma. Hoja ya kuanza na mwenye huduma ni kwamba ruhusa hufuata watu, na mwenye mishahara hana kazi kwenye maktaba.

Naona jibu linategemea ukubwa. Pale ambapo wasimamizi wawili au watatu hujibia kanzidata zote, kama ilivyo katika taasisi zetu nyingi, wenye mamlaka ni walewale. Kinachotofautiana ni kanuni. Hao waanze na mazingira. Pale penye timu kadhaa, kila moja na huduma zake, waanze na huduma, kisha kila huduma igawe kazi halisi na majaribio. Katika hali zote mbili, ngazi mbili au tatu zinatosha. Mti wenye ngazi saba huwa hakuna anayeukumbuka saa nane za usiku.

Jambo jingine huwa halionekani hadi limeleta madhara. Pale ambapo ruhusa huteremka kwenye mti, kuihamisha kanzidata kutoka tawi hadi tawi ni kutoa ruhusa kwa watu wapya na kuwanyang'anya wa zamani. Kitendo kinachofanana na kupanga skrini vizuri ni kitendo cha usalama, na kinastahili idhini na kumbukumbu kama kile cha kumpa mtu funguo. Vilevile, programu inayozifikia kanzidata zote ni shabaha ya kila mwizi. Akaunti inayoitumia kwa ufuatiliaji ipewe uwezo wa kutazama hali tu, na uwezo wa kubadilisha utolewe kwa kikoa na kwa kazi maalumu.

Sheria imekwisha kuuliza

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, suala hili limetoka kwenye vyumba vya mafundi na kuingia kwenye sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nchini Kenya, taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, mwenye dhamana anapaswa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Saa 72 ni siku tatu. Taasisi yenye vikoa vilivyochorwa kwa wajibu itatumia saa ya kwanza kujua kanzidata ipi imeguswa, ina taarifa za akina nani, na nani anaijibia. Taasisi isiyo navyo itazimaliza siku hizo tatu kwenye vikao vya kuulizana seva ile ni ya nani. Na wanaosubiri majibu ni mama aliyeandikisha namba ya simu yake kliniki na kijana aliyepeleka vyeti vyake kuombea mkopo wa masomo.

Kazi ya kuanza nayo haihitaji kununua programu mpya. Fungua programu unayoitumia sasa, au daftari kama huna, uandike kila kanzidata unayoijua, huduma inayoihudumia, kama ni ya kazi halisi au ya majaribio, na jina la mtu mmoja anayeijibia pamoja na msaidizi wake. Halafu pekua mtandao kutafuta zile usizozijua, kwa sababu Slammer ilipita kwenye hizo. Kanzidata itakayokosa jina la mtu, ipatie mwenyewe wiki hii, au uizime.